Darubini yenye kituliza picha: uchague ipi ukiwa Arusha au Moshi

"Hizi darubini za betri ni nzuri kweli, au ni namna ya kula hela zetu?" Swali hilo na ndugu zake haliishi. Linaulizwa na kijana anayeanza kazi ya kuongoza watalii, na mama mstaafu wa Tengeru anayependa kutazama ndege wa shambani kwake, na baba wa Moshi anayetaka watoto wauone Kibo kwa karibu. Mara 10 au mara 18? Mwenye miwani afanyeje? Inafaa ndani ya gari? Betri ikiisha ndiyo basi? Majibu yote nimeyaweka hapa, kwa mpangilio ule ule ambao ningekupitisha tukiwa pamoja dukani.

Ukitaka jibu la haraka: kama unatazama mchanganyiko wa wanyama, ndege, mlima na mwezi, chukua inayokuza mara 10 au 12. Usikimbilie mara 18. Ila usitoe hata shilingi kabla ya kufanya hatua ya 1, maana huenda ukagundua huihitaji.

Inavyofanya kazi, kwa ufupi

Mkono wa binadamu hautulii, na darubini inayokuza mara 10 inaukuza mtikisiko wa mkono mara 10 vilevile. Ndani ya darubini yenye kituliza picha kuna vihisi vinavyopima mtikisiko huo, na kipande cha kioo kinachosogezwa upande wa pili ili picha ibaki mahali pake. Canon, kwenye modeli zao nyingi, hutumia prizimu (kioo cha kupinda mwanga) yenye kimiminika kati ya vioo viwili. Zile zao ndogo za karibuni husogeza lenzi. Fujinon wao wanaiweka prizimu kwenye fremu inayoelea. Zeiss walitengeneza moja, 20x60 S, isiyotumia betri kabisa, ila ina uzito wa zaidi ya kilo moja na nusu na bei yake ni ya kusikia tu. Nadharia inaishia hapo.

Uwe na vitu hivi kwanza

- Darubini yoyote ya kawaida ya kuazima, yenye namba 8x42 au 10x42.
- Ukuta, mti au boneti ya gari ya kuegemea.
- Kitu chenye maandishi madogo cha kukisoma kwa mbali.
- Miwani yako, kama unavaa.
- Betri mpya za aina inayotumiwa na darubini unayokwenda kuijaribu. Za dukani mara nyingi zimechoka.
- Bajeti iliyohesabu ushuru na usafiri, siyo bei ya kwenye tovuti peke yake.

Hatua ya 1: Pima mkono wako kabla ya kupima bei

Tafuta kifodi au Noah iliyoegeshwa. Simama mita kama 50 mbele yake, kisha ulenge ile stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo cha mbele. Tazama kwanza ukiwa umesimama wima bila kuegemea kitu. Stika utaiona, rangi yake utaiona, na maandishi makubwa pengine utayapata. Yale madogo yatakuwa yanacheza: unashika herufi mbili, ya tatu inakimbia.

Sasa egemea ukuta, au weka viwiko juu ya boneti, uvute pumzi na kuiachia taratibu. Tazama tena stika ile ile. Maandishi madogo yanasimama, mwaka unasomeka, hata kona iliyobanduka unaiona.

Tofauti hiyo, kati ya mkono mtupu na ukuta, ndiyo bidhaa unayokwenda kununua. Kituliza picha hakiongezi ukuzaji, hakiongezi mwanga, wala hakigeuzi kioo kibovu kuwa kizuri. Kinakupa ukuta wa kuegemea popote ulipo, hata katikati ya mbuga. Kwa wazee na kwa mtu yeyote ambaye mikono inamtetemeka, tofauti hiyo ni kubwa mno, na kwao huwa sisiti kusema: nunua. Kama wewe huoni tofauti yoyote, ama mkono wako umetulia kuliko wa wengi, ama darubini uliyoazima ni mbovu. Jaribu nyingine kabla ya kuamua.

Kuna jambo moja wauzaji hawatakuambia. Ikiwa utazamaji wako karibu wote ni ndani ya gari la safari, umesimama na paa limefunguliwa, pa kuegemea unapo muda wote. Mfuko wa kitambaa uliojazwa maharage, ukiuweka juu ya ukingo wa paa na darubini juu yake, utakutulizia picha kwa bei ya kilo mbili za maharage. Madereva wengi wa safari hawahitaji kituliza picha kwa kazi yao ya kila siku. Wageni wao ndio wanaokihitaji.

Hatua ya 2: Andika unachotazama zaidi

Siyo unachotamani kutazama siku moja. Unachotazama kila wiki.

Mtu wa msituni, yaani Rau pale Moshi, miti ya Duluti, au njia za chini za Meru, anatazama vitu vilivyo karibu, kwenye kivuli, vinavyoruka bila kuaga. Shorobo anapita kati ya matawi, mabawa mekundu yanawaka sekunde mbili, kisha hayupo. Hapo unahitaji upana wa mandhari na mwanga, na darubini inayolenga, yaani inayotoa picha safi, hata kwa kitu kilicho mita mbili au tatu. Darubini ya kawaida ya 8x42 itakufaa kuliko nyingi zenye betri. Nasema hivyo nikijua wapo watakaobisha. Canon 12x36 IS III, kwa mfano, hailengi kitu kilicho karibu kuliko mita 6, na kwenye njia nyembamba ya msituni nusu ya ndege wako wapo ndani ya mita hizo.

Mtu wa uwandani, wa Tarangire, Manyara au maziwa ya Momella, anatazama mbali na kwenye mwanga wa kutosha. Heroe wako ng'ambo ya maji, na unataka kujua ni wale wakubwa au wadogo wenye mdomo mweusi. Hapo ndipo kituliza picha kinapolipa gharama yake.

Mtu wa mlima anatazama Kibo asubuhi kabla mawingu hayajafunga, au amepanda mwenyewe na kila gramu inamuuma mgongoni. Wa kwanza anaweza kubeba kubwa, wa pili atafute ndogo.

Mtu wa anga la usiku ndiye atakayeshangaa kuliko wote. Miezi minne mikubwa ya sayari ya Mshtarii, ambayo kwa mkono mtupu huwa michirizi tu, inasimama kama nukta kando ya sayari. Kilimia inajaa nyota safi. Mpaka wa kivuli kwenye Mwezi unaonyesha mashimo moja moja. Ila usidanganywe kuhusu pete za Zohali: hata kwa mara 18 utaona sayari iliyorefuka kidogo tu, na ili pete zijitenge unahitaji ukuzaji mkubwa zaidi.

Na kuna mtu wa uwanjani, Sheikh Amri Abeid au Ushirika, anayetaka kujua kama ile ilikuwa ndani au nje ya boksi. Huyu mara 8 au 10 inamtosha, tena ndogo kabisa.

Hatua ya 3: Chagua ukuzaji, na usiwe na tamaa

Namba ya kwanza kwenye darubini ndiyo ukuzaji: 10x30 inakuza mara 10. Kila unapoongeza ukuzaji, dirisha unalotazamia linapungua. Chukua mfano wa Kibo kutoka mjini Moshi, umbali wa kilomita 30 hivi. Canon 10x30 IS II inaonyesha upana wa mita 105 kwa kila mita 1,000. Kwa umbali huo unapata zaidi ya kilomita 3, yaani kilele chote pamoja na mabega yake. 18x50 inaonyesha mita 65 hivi kwa kila 1,000, na kwa umbali ule ule unapata karibu kilomita 2. Kreta ya Kibo ina upana wa zaidi ya kilomita 2, kwa hiyo kilele hakienei tena. Utaona mpasuko wa barafu kwa undani zaidi, lakini itabidi utembeze darubini kushoto na kulia.

Mlimani hilo halina shida, kwa sababu mlima hauendi popote. Kwa duma anayetembea kwenye nyasi, au ndege aliye angani, dirisha jembamba ni mateso. Unajua yupo, mwenzako anamwona, wewe unazungusha darubini mpaka ameshaondoka.

Mara 10 ni ya kila kazi. Mara 12 ni ya mtu anayetazama mbali zaidi ya karibu. Mara 14 hadi 18 ni ya mlima, maziwa na nyota, na mwenyewe awe na darubini nyingine ya kawaida pembeni.

Onyo: kituliza picha hakizuii hewa kuchemka. Saa sita mchana kwenye uwanda wa Manyara, au barabara ya uwanja wa ndege wa KIA wakati wa kiangazi, joto linapanda kutoka ardhini na picha inayeyuka hata darubini ikiwa imefungwa kwenye stendi. Ukuzaji mkubwa unaikuza hiyo nayo. Mtu ananunua mara 18, anaijaribu saa saba mchana, anairudisha akisema ni mbovu. Ijaribu saa moja asubuhi.

Hatua ya 4: Gawanya namba mbili

Namba ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Igawanye kwa ukuzaji. 10x30 inakupa 3, 12x36 inakupa 3, 15x50 inakupa 3.3, 18x50 inakupa 2.8, 10x42 inakupa 4.2. Hicho ndicho kipenyo cha duara la mwanga linaloingia jichoni. Mchana wa jua kali mboni ya jicho hubana hadi milimita 2 au 3, hivyo 3 inatosha kabisa. Saa kumi na mbili na nusu jioni mboni imefunguka, na darubini yenye 3 itaonekana ya giza ukilinganisha na 8x42 ya kawaida yenye zaidi ya 5.

Kwa hiyo anayependa kutazama chui alfajiri na jioni aangalie 10x42, ingawa ni nzito na ghali. Anayetazama kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni asijisumbue.

Hatua ya 5: Uliza inatuliza nyuzi (digrii) ngapi

Hili wengi hawaliulizi, na ndipo aina mbili za darubini hizi zinapoachana. Modeli nyingi za Canon hufidia mtikisiko wa takriban nyuzi moja au pungufu. Hiyo inatosha kwa mkono unaotetemeka ukiwa umesimama ardhini, na picha yake imetulia vizuri sana. Fujinon Techno-Stabi za 12x28 na 16x28 hufidia nyuzi 3, na TS-X 14x40 ilifika 5. Hizo zilifikiriwa kwa ajili ya boti.

Ukiwa kwenye mtumbwi Momella ndogo au kwenye boti ya kwenda Unguja, nyuzi moja hazitoshi. Ukiwa umesimama barazani kwako Sakina, nyuzi tano hazina faida.

Na gari je? Gari likiwa limesimama na injini imezimwa, aina zote zinafaa. Injini ikinguruma, ule mtetemo wa haraka unapungua lakini hauishi, hivyo mwombe dereva azime. Gari likitembea kwenye makorongo ya Tarangire, weka darubini chini ushike bomba. Hakuna kituliza picha kitakachokusaidia hapo, na unaweza kujigonga jicho.

Hatua ya 6: Ivae, siyo kuishika tu

Canon 10x30 IS II ina gramu 600 hivi, 12x36 IS III ina 660, na zile za 15x50 na 18x50 zina karibu kilo 1.2 kabla ya betri. Dukani, dakika moja, kilo 1.2 si kitu. Ning'iniza shingoni nusu saa huku ukizungumza bei, kisha ujiulize tena. Kwa zaidi ya kilo moja, tafuta mkanda wa mabegani unaopita mgongoni.

Macho nayo. Mwenye miwani anahitaji darubini ambayo jicho linaweza kukaa milimita 15 au zaidi kutoka kwenye kioo cha nyuma na bado likaona duara lote. Kunja vikombe vya macho (ule mpira unaozunguka kioo cha nyuma), vaa miwani, tazama. Ukiona duara limekatwa kingo, hiyo si yako hata kama ina sifa gani. Vifaa vya nyuma vya baadhi ya darubini hizi ni vinene, na mtu ambaye macho yake yamekaribiana, watoto hasa, hawezi kuunganisha maduara mawili kuwa moja. Mlete mtoto dukani.

Mwisho kitufe. Nyingine unakibonyeza muda wote unaotazama, nyingine unabonyeza mara moja inabaki imewaka dakika kadhaa. Mwenye maumivu ya vidole achague ya pili. Kite Optics wa Ubelgiji wana mfumo unaojizima wenyewe darubini ikining'inia shingoni na kuwaka ukiinua, jambo dogo linalookoa betri nyingi.

Hatua ya 7: Maji na vumbi

Usidhani bei kubwa maana yake haipitishi maji. Canon 10x42L IS WP haipitishi. 15x50 na 18x50 zinavumilia manyunyu. 10x30 IS II na 12x36 IS III hazikutengenezwa kwa mvua kabisa. Masika ya Machi hadi Mei upande wa Moshi hayabembelezi, kwa hiyo ukichukua hizo mbili uwe na mfuko wa plastiki wa kufunga mdomo mfukoni muda wote.

Vumbi la kiangazi ni baya kuliko mvua, kwa sababu mvua unaikimbia. Fungasha darubini ndani ya begi kila gari linapotembea. Ukifuta lenzi, puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha brashi laini, kitambaa mwisho. Usifute kioo chenye vumbi kwa fulana. Chembe za mchanga wa huku zinakwaruza koti la lenzi (tabaka jembamba lililopakwa juu ya kioo), na koti likishakwaruzwa halirudi.

Hatua ya 8: Betri

Modeli nyingi za kati za Canon hutumia betri mbili za AA, unazipata mpaka Karatu. Zile ndogo za 8x20 na 10x20 hutumia CR123A moja, na Nikon 10x25 S hutumia CR2. Hizo hazipatikani kila duka, hivyo nunua kadhaa ukiwa mjini. Kwa mtu wa huku mimi napendelea AA bila kufikiri mara mbili.

Betri ikiisha, darubini haifi. Inabaki darubini ya kawaida, picha inacheza kama zamani.

Kwa wanaopanda mlima: baridi inaua betri za kawaida haraka. Tumia za lithiamu, na akiba ziweke mfuko wa ndani karibu na mwili. Ukisafiri kwa ndege, betri za akiba za lithiamu ni za begi la mkononi, siyo la kukabidhi.

Hatua ya 9: Jaribio la dukani

Toka nje ya duka, muuzaji aje nawe. Lenga maandishi ya mbali: bango, kibao cha namba, chochote. Lenga vizuri kwanza bila kubonyeza. Kisha bonyeza. Picha itaruka kidogo halafu itatulia kama imeshikwa. Soma maandishi ambayo hukuyaweza. Sasa zungusha darubini taratibu kushoto kwenda kulia: picha itachelewa kidogo, kisha itafuata, na hiyo ni kawaida. Ikiwa picha inazunguka kiasi cha kukutia kichefuchefu, jaribu modeli nyingine. Wapo watu wasioizoea kamwe.

Kwa iliyotumika, za wageni walioacha au za mtu anayehama, ongeza haya:

- Fungua mahali pa betri. Kutu au unga wa kijani ni dalili ya betri iliyovuja.
- Tazama nyota au taa ya mbali. Ukiona mbili badala ya moja, prizimu imesogea, na ufundi wake haupatikani hapa mjini.
- Mulika tochi ya simu kutoka mbele ukitazama ndani. Nyuzinyuzi kama za buibui ni ukungu wa fangasi.
- Shika mpira wa nje. Ukinata, umezeeka.

Onyo: mitaani kuna darubini zimeandikwa "anti-shake", mara 50, mara 100, lenzi nyekundu. Mwambie muuzaji akuonyeshe betri inakaa wapi. Akianza kueleza, rudisha, mshukuru, ondoka.

Hatua ya 10: Hesabu ya mwisho ya pesa

Zile za bei ya juu zinaweza kupita bei ya bodaboda mpya, basi hesabu kama unanunua bodaboda. Ukiagiza nje, ongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Ukinunua hapa, dai risiti ya EFD, maana bila risiti hakuna dhamana. Uliza pia: ikiharibika inapelekwa wapi? Jibu likiwa "tutaona", shusha bei au nenda kwingine. Darubini ya kawaida unaweza kumrithisha mjukuu. Hii ina umeme ndani, na siku moja utazimika.

Hatua ya 11: Siku ya kwanza

Rekebisha upana mpaka maduara mawili yawe moja. Funika lenzi ya mbele ya kulia, lenga kwa gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione safi. Kisha funika ya kushoto, zungusha pete iliyo kwenye jicho la kulia tu. Kwenye darubini chache pete hiyo iko kushoto. Hapo geuza mpangilio. Usiiguse tena pete hiyo, labda mwingine akiitumia.

Tafuta mnyama kwa macho kwanza. Mtazame bila kuondoa macho, inua darubini ije usoni, lenga, ndipo ubonyeze kitufe. Wanaoanza hubonyeza kwanza halafu wakatafuta, na picha inayochelewa inawapoteza.

Onyo ambalo halina utani: usilenge Jua, hata linapochomoza nyuma ya Mawenzi, hata kwa nukta moja. Jicho linaungua kabla hujasikia maumivu. Wafundishe watoto hilo kabla hujawaonyesha kitufe kiko wapi.

Matatizo yanayojirudia

*Picha haitulii nikibonyeza.* Badilisha betri zote mbili kwa pamoja, siyo moja. Angalia alama za + na −. Safisha vyuma vya betri kwa kifutio cha penseli.

*Inatulia, lakini si safi.* Lenga upya kitufe kikiwa kimebonyezwa. Bado? Rudia mpangilio wa macho wa hatua ya 11. Bado, na ni mchana? Ni hewa. Subiri jioni.

*Nasikia mlio mdogo ndani, au kitu kinacheza nikiitikisa.* Mlio mwembamba wakati imewaka ni wa kawaida. Kwenye baadhi ya modeli kugongagonga kidogo ikiwa imezimwa ni kawaida pia, lakini kugonga kukiwa kumeanza baada ya darubini kuanguka, ipeleke kwa fundi wa dhamana. Usiifungue.

*Vivuli vyeusi vinapita jichoni.* Jicho liko karibu mno au mbali mno. Badilisha vikombe vya macho, na usikandamize darubini usoni.

*Nimeifunga kwenye stendi, picha inaelea yenyewe.* Zima kituliza picha. Kwenye stendi hakina kazi, na baadhi ya modeli huanza kutafuta mtikisiko ambao haupo.

*Imepata ukungu wa mvuke nikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi.* Ni mvuke wa nje, acha dakika kumi ndani ya begi lililofungwa ipate joto polepole. Mvuke ukiwa ndani ya kioo na hauondoki kwa siku mbili, unyevu umeingia. Toa betri, iweke kwenye chombo cha kufunga pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya, na usiitumie mpaka vioo viwe safi.

*Mpira wa nje unanata.* Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, ukauke kivulini. Usitumie petroli wala thina, zitakula mpira na koti la lenzi.

*Haitatumika miezi kadhaa.* Toa betri, andika tarehe kwenye karatasi uiweke ndani ya begi, na uihifadhi kabatini, siyo kwenye dashibodi ya gari.